Maharagwe Mekundu kwa Dong-su

Juni 22, Jumamosi

Mvua za msimu zimefika Daegu leo asubuhi, na nimeamua kuandika kila siku nitakayoweza kushika kalamu. Daktari anasema huenda nisiione sikukuu ya mavuno. Aliyasema hayo akitazama kompyuta yake, na sikumlaumu. Mimi nami, nilipokuwa nikifundisha kemia, niliwatangazia wasichana alama mbaya huku nimewapa mgongo, nikifuta ubao.

Naitwa Pyo Jin-taek. Nina miaka themanini na minne na saratani ya kongosho. Mke wangu, Geum-sil, alifariki mwaka juzi. Mwanetu wa pekee, Dong-su, alikuwa ameshamtangulia. Moyo ulimsimama akiwa kazini, mwezi wa Agosti. Aliyebaki ni mjane wake, Hyang-mi, ambaye mimi humwita Mama Ha-rin kwa jina la mjukuu wangu. Ha-rin mwenyewe yuko Seoul na hunipigia simu akinikumbuka.

Mama Ha-rin amekuja leo akiwa amelowa mpaka magotini. Mhudumu anayekuja kuniogesha asubuhi alimwambia kwamba vitu vya baridi hunishuka kooni bila kugombana nami. Basi akaitoa kabatini ile mashine ya chuma ya kuparuzia barafu, ya marehemu Geum-sil, akaifuta kutu, akaweka bonge la barafu na kuanza kuzungusha mpini wake. Alijaza bakuli barafu laini kama manyoya, akamimina juu yake maharagwe mekundu aliyoyachemsha na sukari, maziwa mazito ya kopo, na vipande vya keki ya mchele. Ndiyo patbingsu aliyotutengenezea Geum-sil kila Jumamosi ya kiangazi tangu Dong-su akiwa hajang'oa meno ya utotoni.

Nilimaliza bakuli zima. Nilikuwa sijamaliza chochote tangu Mei.

"Baba, ni kama ya Mama?" aliniuliza.

"Bado kidogo," nikasema.

Akacheka. "Basi nitarudi Jumamosi ijayo. Mama hawezi kunishinda mpaka kaburini."

Juni 23

Nakiri hapa, kwa kuwa sijui nimkirie nani. Sikusikia ladha yoyote. Dawa za mwezi Machi ziliniharibu ulimi, na hata nilipoziacha ladha haikurudi. Kila kitu sasa ni laini au kigumu, baridi au moto, basi. Bakuli la jana lingeweza kuwa la Geum-sil mwenyewe na nisingejua.

Ningeweza kumwambia imepatia. Nilisema bado kwa sababu nilitaka arudi.

Juni 29, Jumamosi

Amerudi. Nimesema bado.

Alipokuwa akiosha bakuli alinipa habari akiwa amenigeuzia kisogo, kama mtu anayezungumza na bomba la maji. Kuna mwanamume, Bwana Seo, mjane kama yeye, ana shamba la matufaha huko Cheongsong. Walikutana sokoni Seomun, alikokuja kununua kitambaa cha pazia kwenye kibanda anachouza Mama Ha-rin. Amemposa. Anataka jibu kabla ya mavuno ya matufaha.

"Na wewe umemwambiaje?"

"Nimemwambia nina kazi sijaimaliza." Akafunga bomba. "Siku ya kwanza nilipoletwa nyumba hii, Baba, unakumbuka? Niliogopa mpaka mikono ikafa ganzi. Mama hakuniuliza ukoo wala shule. Aliniwekea bakuli la barafu, akasema, kula kabla haijawa supu. Nikiondoka hapa nataka niondoke na hicho. Nikiipata ladha ya mkono wake, nitajua ameniruhusu."

Alisema kama mzaha, lakini hakugeuka.

Julai 3

Mvua. Ukungu umeota kwenye viatu vyangu vya ngozi. Sina pa kwenda navyo.

Julai 6, Jumamosi

Nimesema chumvi imepungua. Geum-sil aliweka chumvi kidogo, hilo nalikumbuka kwa kichwa ingawa si kwa ulimi. Mama Ha-rin akaonja, akafikiri, akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mwema. Nilikuwa nimekisia tu.

Julai 10

Bi Gu wa mlango wa pili ameniletea keki za mchele. Aliziuza sokoni maisha yake yote na hajui kunyamaza.

"Mwalimu, umekonda mpaka nguo ndizo zinakuvaa wewe."

"Na wewe umenenepa kwa ajili yangu."

"Lazima mmoja ale. Huyo mkwe wako yuko wapi? Nasikia kila Jumamosi mnaparuza barafu hapa kama mafundi seremala."

Nikamweleza, ila si yote. Bi Gu akatikisa kichwa. "Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, hana mume, hana mama mkwe, bado anapanda mabasi mawili kuja kumwonjesha baba mkwe maharagwe. Watu kama hao hawazaliwi tena. Mwambie imepatia, Mwalimu, apumzike."

Nikasema ni lazima mambo yafanywe sawasawa. Nilitumia sauti yangu ya darasani.

Julai 13, Jumamosi

Bwana Seo amekuja naye.

Nilikuwa nimejiandaa kumdharau. Nilifikiri atakuwa mwanamume wa maneno mengi na saa kubwa mkononi. Kumbe ni mtu mfupi, shingo imeungua jua, vidole vimekunjamana kama mizizi. Aliweka kikapu cha matufaha ya kijani ya mwanzo wa msimu, akanisujudia mpaka paji la uso likagusa mkeka, kisha akakaa kwa magoti akitiririka jasho, hakuthubutu kunyoosha miguu mpaka nilipomwambia. Sikumwambia upesi.

Mama Ha-rin alitugawia bakuli. Bwana Seo akala kijiko cha kwanza polepole.

"Kwanza inakuja chumvi," akasema, "kidogo tu, halafu ndiyo utamu. Sijawahi kula ya namna hii."

Nilimwangalia mtu huyo mgeni akila chakula cha mke wangu, akikisikia, ilhali mimi niliyekaa naye zaidi ya nusu karne nilikuwa natafuna baridi tupu. Aliyoyasema ndivyo ilivyokuwa ya Geum-sil. Chumvi kwanza, halafu utamu. Mama Ha-rin alinigeukia macho yakimng'aa.

"Bado," nikasema.

"Inakosa nini, Baba?"

"Ngozi ya maharagwe imekakamaa. Unatia sukari mapema. Sukari ikiingia kabla hayajaiva, hayawezi tena kulainika. Hiyo ni kemia."

Yalikuwa laini kabisa. Ulimi wangu bado unajua laini na gumu. Kemia niliyoisema ni ya kweli, ila haikuhusu maharagwe yale. Bwana Seo aliinamisha kichwa, akamaliza bakuli lake.

Julai 15

Leo ni ya kwanza kati ya zile siku tatu za joto kuu katika kalenda yetu. Bi Gu kaniletea kuku wa kuchemshwa na mzizi wa ginseng. Nimekunywa supu vijiko vitatu.

Julai 20, Jumamosi

Bado.

Mama Ha-rin aliuliza jambo jingine leo. Tambiko la Dong-su litakuwa Agosti 29. Kila mwaka yeye ndiye hupanga meza: wali, supu, samaki, kokwa za ginkgo, peasi, pombe ya mchele. Alitaka mwaka huu aongeze bakuli moja la barafu.

"Alikuwa anaipenda kuliko nyama, Baba. Kila nikiiparuza namwona anavyonyang'anya kijiko."

"Na maharagwe?"

Kila mtu anajua. Rangi nyekundu ya maharagwe hufukuza roho za wafu. Ndiyo maana tunakula uji wake siku yenye usiku mrefu kuliko yote, majira ya baridi, na wazee waliupaka mlangoni. Kwenye meza ya tambiko hayawekwi, kama yasivyowekwa mapichi. Ukimwekea marehemu maharagwe mekundu umemwita kwa mkono mmoja na kumfukuza kwa mwingine.

"Nilidhani labda siku hizi..." akasema.

"Mimi ndiye mkubwa wa nyumba hii. Hayawekwi. Unataka kumfukuza mumeo mlangoni mwa baba yake?"

Aliinamisha kichwa. Nimeandika sentensi ile ili niione jinsi ilivyo. Nilimwambia hivyo mwanamke ambaye kwa mwaka mzima baada ya msiba alilala na koti la mumewe.

Julai 27, Jumamosi

Mvua zimekwisha, joto limetua juu ya Daegu kama kifuniko cha sufuria. Nyenje wanalia toka alfajiri. Bado.

Macho ya Mama Ha-rin yamezama. Anasimama kibandani siku sita, na sasa Ijumaa analoweka maharagwe, Jumamosi anaamka gizani ayachemshe, amwage maji ya kwanza, ayachemshe tena, aongeze sukari mwisho kabisa kama nilivyomfundisha. Halafu mabasi mawili akiwa amekumbatia chombo kifuani. Mimi nakaa na kijiko.

Agosti 3, Jumamosi

Bwana Seo ameuliza jibu. Mama Ha-rin amemjibu asubiri mpaka tambiko lipite.

"Amekasirika?" nikamuuliza.

"Hakasiriki, huyo. Amesema matufaha nayo hayawahi kuiva kwa kuharakishwa. Lakini nimesikia alivyopumua kwenye simu, Baba."

Nilisema bado, na jioni nikajikuta nimefurahi. Nimepata wiki nyingine nne. Sijui mtu mwenye siku chache anakuwaje bahili wa siku za mwenzake.

Agosti 7

Maumivu. Siandiki zaidi.

Agosti 10, Jumamosi

Leo amechelewa. Basi la pili liliharibika kiyoyozi, akafika uso mwekundu, hakupumzika, akaanza kuparuza. Nilikula vijiko vitatu, nikakumbuka kwamba nilishasema chumvi, na baadaye ngozi. Nikaona nibadilishe.

"Leo sukari imezidi kidogo," nikasema.

Akachukua kijiko chake, akaonja. Kijiko kikabaki mdomoni. Aliniangalia kwa muda, halafu akaangalia bakuli lake, halafu akaonja tena, taratibu, kama mtu anayesoma barua mara ya pili.

"Sawa, Baba," akasema.

Aliosha vyombo, akaweka mashine juani ikauke. Mlangoni alivaa viatu bila kuniambia tutaonana Jumamosi.

Agosti 14

Siku ya mwisho ya joto kuu, ila joto halina habari. Hakupiga simu.

Agosti 17, Jumamosi

Nimevaa shati safi tangu asubuhi. Hakuja.

Bi Gu kachungulia. "Leo seremala kapumzika?"

Akaingia, akaniwashia feni, akaondoka bila mzaha wowote. Ndipo nilipojua uso wangu ulivyokuwa.

Agosti 20, Jumanne

Amekuja baada ya kazi. Mikono mitupu.

"Tangu lini?" alisema hata kabla hajavua kiatu cha pili.

"Tangu lini nini?"

"Baba, usinifanye mtoto. Jumamosi ile nilisahau sukari. Nilichoka, nikasahau kabisa, nimeyaleta maharagwe ya maji na chumvi. Nilipoonja ilikuwa kama udongo. Wewe ukaniambia sukari imezidi."

Nilitafuta uongo mwingine. Mtu akizoea, mkono huenda wenyewe mfukoni. Lakini alikuwa amesimama juu yangu na begi lake la kazini bado begani, na niliona nywele zake zimeanza mvi pale zinapogawanyika, mvi ambazo Dong-su hakuziona.

"Tangu Machi," nikasema. "Zile dawa."

"Machi." Akakaa chini sakafuni palepale. "Kwa hiyo siku ya kwanza, Juni, ulikuwa huonji."

"Nilikuwa sionji."

"Na siku ya Bwana Seo? Chumvi, ngozi kukakamaa, kemia?"

"Yote."

Hakulia. Ningependa angelia. Alianza kucheka kidogo, kicheko kisicho na hewa.

"Nimemwaga masufuria, Baba. Nimeamka gizani. Jirani wa chini alikuja kugonga akidhani naunguza nyumba. Na wewe umekaa hapo na kijiko kama hakimu."

"Ningesema imepatia, ungeondoka."

"Ungesema tu, Mama Ha-rin, njoo Jumamosi. Si maneno manne hayo? Ningekuja. Ningekuja hata kutoka Cheongsong. Hukuiona njia hiyo?"

"Sikuiona."

Ni kweli. Nililelewa katika nyumba ambamo mwanamume hakuomba maji ya kunywa. Alikaa, na maji yakaja. Nimesoma, nimefundisha, nimewakemea wasichana mamia kwa mamia wasiogope kuuliza. Mimi mwenyewe sikuwahi kumwambia mtu: baki nami.

"Unajua ulichokifanya?" akasema. Sasa sauti ilikuwa ya chini. "Si uongo unaoniuma. Hakuna mwingine aliyebaki aujuaye mkono wa Mama. Dong-su hayupo. Ha-rin alikuwa anasukuma maharagwe pembeni, anakula barafu tu. Ulikuwa wewe peke yako, na kumbe wewe huna ulimi. Labda niliipata mwezi Juni. Labda sijawahi kuikaribia. Sitajua tena."

"Bwana Seo alisema chumvi kwanza, halafu utamu. Ndivyo ilivyokuwa."

"Sasa unasema."

"Nenda kwake. Nakuruhusu."

"Na neno hilo nilipime kwa kipimo gani, Baba?"

Tukakaa. Nje nyenje walikuwa wanapiga kelele kama mashine ya kiwanda. Baadaye alisema jambo ambalo naona lilikuwa chini ya yote, chini ya maharagwe na sukari, tangu mwanzo.

"Siwezi kuweka meza ya Dong-su ndani ya nyumba ya mume mwingine. Na Ha-rin hajui hata samaki aelekezwe wapi. Wewe ukiondoka, atakuja wapi? Atasimama kwenye mlango gani? Nikifikiria hivyo, Baba, namwambia Bwana Seo asubiri. Kila mara namwambia asubiri."

Alinyanyuka, akanipimia dawa za usiku, akaondoka.

Agosti 23

Nimelala siku nzima na kuwaza. Nilidhani nilikuwa namzuia mimi. Kumbe mimi nilikuwa mlinzi msaidizi tu. Aliyemshika hasa ni marehemu, naye hata hajui.

Agosti 26

Nilimwomba Bi Gu aninunulie kilo ya maharagwe mekundu.

"Ya nini?"

"Kupika."

"Wewe?" Alishika kiuno. "Miaka themanini na minne, leo ndiyo umejua jiko liko upande gani?"

"Nitahitaji unioneshe jinsi ya kuwasha."

Aliponiuliza ni ya siku gani nikamwambia. Mzaha ukamtoka usoni. Alisimama muda mrefu akikunja na kukunjua mfuko wa plastiki.

"Mwalimu, huyo ni mwanao."

"Najua ni nani."

"Na wewe ndiye unayemfuata karibuni. Utamwangalia vipi?"

Hilo nililiwaza kabla yake, na nitaendelea kuliwaza. Nilimwambia ninunulie, dada. Sijawahi kumwita dada. Akaenda.

Agosti 29, Alhamisi

Naandika kwa kituo.

Sufuria ya kwanza niliunguza. Nilikaa kupumzika kidogo, usingizi ukanichukua, nikaamshwa na Bi Gu akipiga mlango kwa ngumi. Tukaimwaga. Ya pili sikuondoka mbele yake. Niliweka kiti jikoni, nikaangalia maji yakiwa mekundu, nikayamwaga, nikatia mengine, nikasubiri mpaka haragwe likapondeka katikati ya vidole viwili. Ndipo nikatia sukari, na chumvi mwisho. Nilipima kwa vijiko kama maabara, kwa kuwa nisingeweza kuonja. Chini yaliungua tena kidogo. Bi Gu alininusia, akasema yanafaa kwa mtu mwenye njaa.

Ha-rin alifika kwa treni mchana, akapigwa na butwaa kuniona nimefunga aproni ya bibi yake. "Babu, umeajiriwa?" akasema. Mama yake alikuja mapema jioni na vyombo vyake vyote, akapanga meza bila kunitazama sana: wali, supu, samaki kichwa mashariki, peasi, kokwa za ginkgo. Picha ya Dong-su katikati. Nimeiandika karatasi ya jina la marehemu kwa brashi, herufi zimepinda. Ha-rin akauacha mlango wa nje wazi kidogo, kama inavyotakiwa, ili baba yake aingie.

Ndipo nilipomwita Ha-rin jikoni anizungushie mashine, kwa maana mimi nilikuwa siwezi hata nusu mzunguko. Nikayamimina maharagwe, yakatiririka mekundu juu ya weupe. Nikalibeba bakuli mwenyewe. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani.

Mama Ha-rin aliponiona nikilielekeza mezani alininyooshea mkono. "Baba, umekosea. Hilo la kula baadaye. Si ulisema mwenyewe..."

"Najua nilichosema."

"Baba, tafadhali. Atakimbia."

Nililiweka mbele ya picha. Alitaka kuliondoa, nikashika kifundo cha mkono wake. Sina nguvu, angeweza kujinasua kwa kidole. Hakujinasua. Niliona ameelewa, na ameogopa.

Baba hamsujudii mwanawe, hata akiwa marehemu. Nilikaa pembeni ya meza jinsi nilivyokaa pembeni yake akifanya kazi za shule, nikamwaga pombe kikombeni, nikasema naye.

"Dong-su. Umeona kilichoko mezani. Si mkeo aliyekiweka, ni mimi, na nimekipika kwa mkono wangu, kwa hiyo kama una hasira nijie mimi, sitakawia. Mkeo amekungoja vya kutosha. Toka, mwanangu. Usirudi kwenye nyumba hii, wala usisimame kwenye mlango wowote atakaokuwa nyuma yake. Hatakuwekea meza tena. Mimi ndiye ninayekukataza, si yeye. Mlango uko wazi."

Nilitegemea sauti ingenikatika. Haikukatika. Ilitoka ileile ya darasani, na niliichukia.

Mama Ha-rin alisujudu mara mbili. Mara ya pili hakuinuka. Alilala vile uso mkekani, mabega yakimtetemeka, na hakuna aliyemgusa, kwa kuwa zilikuwa dakika zake na mumewe. Pazia lilitikisika kidogo. Feni ilikuwa inazunguka. Mimi ni mtu wa kemia, siandiki zaidi ya hapo.

"Mama," Ha-rin akanong'ona baadaye, "barafu inayeyuka."

Tukala chakula cha meza, kama desturi. Mama Ha-rin alilivuta bakuli la Dong-su mbele yake, akalimaliza lote, na maji yake.

"Umeunguza, Baba," akasema. Pua yake ilikuwa imeziba kwa kulia.

"Bi Gu aliniambia."

"Lakini sukari umetia."

Agosti 31, Jumamosi

Nyumba imetulia kwa namna ambayo sikuijua. Katika miaka hii yote sikuwahi kufikiri kwamba nilikuwa nikimsikiliza Dong-su. Kumbe sikio moja lilikuwa mlangoni. Leo nimeliita lirudi, halikuwa na kitu cha kusikiliza.

Namwogopa mama yake. Nikifika huko, Geum-sil ataniuliza mtoto yuko wapi.

Septemba 4

Mama Ha-rin ameshampa Bwana Seo jibu. Aliniambia kwa simu, haraka, kama anayetoa kibanzi.

Septemba 8

Bwana Seo alikuja na lori dogo kuchukua vitu vya Mama Ha-rin, wakapita hapa. Amenisujudia tena. Safari hii nilimwambia anyooshe miguu mara moja. Nilimpa mashine ya chuma. Aliipokea kwa mikono miwili na kumwangalia mkewe mtarajiwa kabla ya kuishika vizuri.

Septemba 12

Mhudumu sasa anakuja asubuhi na jioni. Siwezi tena kukaa kitako bila mito. Kalamu nimefungiwa kidoleni kwa utepe, wazo la Bi Gu, anayesema hata punda hufungwa mzigo.

Mama Ha-rin amepiga simu kutoka shambani. Upepo ulikuwa ukivuma kwenye simu, na watu wakiitana kwa mbali. Nilimwambia lile ninalolibeba tangu siku ya tambiko.

"Mama Ha-rin, nikishaondoka, usiniwekee meza. Huna deni na nyumba hii. Na ukiona huwezi kuacha, basi weka maharagwe mekundu kama nilivyomwekea Dong-su, nitaelewa, nitaenda zangu."

Nilisikia akisogea mbali na wale watu.

"Hapana, Baba," akasema. "Hilo sikubali. Nimeshazungumza na Bwana Seo. Utakuja huku. Nitakuwekea wali na samaki na tufaha, tena kubwa, na mlango utakuwa wazi, na utakuja. Hunisikii?"

"Nakusikia."

"Na Jumamosi nakuja, hata kama uvunaji umeanza."

Nilipaswa kumkatalia. Nilikuwa na maneno tayari, ya haki kabisa, ya mtu aliyejifunza.

"Njoo," nikasema.

Nimeweka simu kando. Nimefurahi, na nimeona haya kwa kufurahi, na bado nimefurahi.